Kwenye simu wanamwambia mama "tuko sawa", lakini hawako sawa

Shikamoo Shangazi,

Nakaa Busia, upande huu wa Uganda, nauza mitumba ya watoto sokoni. Dada yangu mkubwa alikwenda Saudia mwaka jana kufanya kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili, akaniachia watoto wake. Mvulana ana miaka 14, yuko S.2, sekondari mwaka wa pili. Msichana ana miaka 8, yuko P.3, darasa la tatu. Baba yao aliondoka zamani, hatumhesabu. Nyumbani tuko na mama yetu, yaani bibi yao.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Siku hizi yananishinda.

Huyu mdogo ameanza tena kukojoa kitandani. Alikuwa ameacha kabla hata hajaanza shule. Bibi anasema ni uvivu wa kuamka, kwa hiyo asubuhi anambebesha godoro lake mpaka kwenye uzio wa mbele, pale wapita njia wanapoona, ili apate haya. Haya ameshapata, hata kwa jirani haendi kucheza, lakini godoro bado linalowa. Siku nyingine bibi anachapa.

Mkubwa ndiye anayenitia hofu. Alikuwa mtoto wa mpira na utani. Sasa akitoka shule anajitupa kitandani na simu aliyotumiwa na mama yake, chakula anakula tukishalala, ukimsemesha anajibu kwa ukali. Muhula uliopita alipigana shuleni, akachapwa viboko na kurudishwa nyumbani wiki nzima. Kisa hakusema. Niliambiwa na rafiki yake kwamba kuna mvulana alimwita "mtoto wa kadama", yaani wa mtumishi wa ndani wa Uarabuni, mbele ya darasa, akaongeza maneno kuhusu wanayofanyiwa wanawake kule Uarabuni. Mpira ameacha. Na juzi bibi alipokuwa anamsema, akajibu, "Msijali, siku moja mtaamka mkute sipo, mpumzike." Bibi akasema anatafuta huruma. Mimi sikulala.

Dada hajui lolote. Anapiga WhatsApp usiku akimaliza kazi, na kabla ya simu bibi anawapanga watoto: semeni mko sawa, mama yenu asije akaacha kazi, mama yenu anateseka kwa ajili yenu. Wanasimama mbele ya simu kama wanaimba wimbo wa taifa. "Tuko sawa mama. Tumekula. Asante kwa pesa." Simu ikikatika mdogo anakwenda kulia chooni. Mkubwa siku hizi akisikia tu inaita anatoka nje, nasi tunamwambia dada kwamba yuko prepu, masomo ya jioni.

Kaka yetu anasema huzuni za watoto ni mambo ya kwenye TV, sisi pia tulilelewa na shangazi na hatukufa. Mchungaji anataka mkubwa apelekwe akaombewe. Na sasa tajiri wa dada anataka aongeze miaka miwili mingine, dada ananiuliza mimi kama watoto watavumilia. Nikimwambia ukweli ataacha kazi arudi, na deni alilokopa kwa safari pamoja na ada nani atalipa? Nikinyamaza najiona mwongo. Nifanyeje?

Mama Mdogo, Busia

*

Marahaba, Mama Mdogo.

Nianze na lile lililokunyima usingizi, maana mengine yote yanaweza kungoja mpaka kesho. Mtoto wa miaka 14 akisema mtaamka mkute hayupo, mchukulie kwa uzito. Bibi anasema anatafuta huruma. Sawa, na iwe hivyo: mtoto aliyefikia kutafuta huruma kwa maneno hayo ameshaikosa kwa njia nyingine.

Leo hii mtafute akiwa peke yake umwulize bila kuzunguka: "Ulisema tutaamka tukute haupo. Je, ulikuwa unafikiria kujiua?" Neno litakukwama kooni, lakini litamke. Wengi wanaogopa kwamba ukiuliza unampa mtoto wazo. Si kweli. Tafiti zimelichunguza jambo hilo na kuuliza hakuonekani kuongeza hatari. Mara nyingi aliyeulizwa anapata nafuu kwamba mwishowe kuna mtu aliyemsikia. Akijibu, usimkatize na usimhubirie. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna inayokutisha, asilale peke yake usiku huo na mwende hospitali bila kungoja. Hata akisema hapana, sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge vya bibi viondoke vilipo, vifungiwe, ufunguo ukae nao wewe. Wimbi la namna hii huja kwa nguvu na mara nyingi hupita, na katika dakika zile ni heri asikute kitu karibu.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, uwaambie maneno yale yale aliyoyasema kijana, usiyapunguze makali. Kutoka Busia, hospitali za rufaa za mkoa ambazo hamko mbali nazo ni Mbale na Jinja, na zote zina kitengo cha afya ya akili. Najua watu wakisikia "akili" wanawaza Butabika, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Kampala, na mtu anayeokota makaratasi barabarani. Hakuna aliyesema hayo. Kijana anakwenda kuongea na mtu aliyesomea kazi hiyo, basi. Kuna pia namba 116, ile Sauti, laini ya simu ya watoto iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kupiga ni bure. Unaweza kupiga wewe, na kijana mwenyewe anaweza, kwa hiyo iandike mahali atakapoiona bila kukuomba.

Kwa mchungaji mpelekeni ikiwa kijana mwenyewe anakubali, na maombi yasichukue nafasi ya hospitali. Nisichokitaka ni asimamishwe mbele ya kanisa zima watu wakemee pepo. Ameshaaibishwa mbele ya darasa, inatosha.

Kuhusu kaka yenu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Hao hawako kwenye TV. Na kwa vijana wa umri huu, huzuni nzito mara nyingi haitoki kwa machozi. Inatoka kwa hasira, majibu ya mkato, ugomvi, kulala ovyo na kuacha alichokipenda. Soma tena barua yako, utakuta umeyaandika karibu yote. Kutokufa si kipimo cha malezi, mwambie hivyo kwa heshima ya kaka.

Sasa simu. Hapa nitakuwa mkali kidogo, na ukali wangu si kwako.

Watoto hawa wamepewa kazi ya watu wazima. Kila mama yao anapopiga wanatakiwa kumlinda dhidi ya mapenzi yao wenyewe. Mtoto wa miaka 8 akiambiwa "ukilia mama ataacha kazi", anaamini kabisa kwamba chozi lake linaweza kuifukuza ada, chakula na kodi ya nyumba. Basi analipeleka chooni. Na mkubwa akisikia "mama yenu anateseka kwa ajili yenu", unadhani anapata nini? Anapata kwamba mama anateswa na sababu ni yeye. Halafu shuleni mwenzake anamwongezea yale ya Uarabuni. Akilala usiku anayaona yote mawili kichwani, hana wa kumuuliza. Mimi hapo simu nisingeikimbia? Ningeikimbia.

Kwa hiyo sentensi ile ya kuteseka ife leo. Mahali pake wekeni ukweli wa kawaida: mama alikwenda kwa sababu watu wazima walipiga hesabu, pesa haikutosha, wakaamua hivyo. Si kosa la mtoto yeyote, na hakuna mtoto anayedaiwa furaha ili kuilipa.

Saa za Saudia na za kwetu ni zile zile, bahati nzuri, kwa hiyo mnaweza kupanga muda maalumu unaojulikana. Simu ya ghafla saa nne usiku inamkuta mdogo ana usingizi na mkubwa ana hasira. Dada yako achague saa ambayo kazi inamruhusu, hata kama ni mara mbili tu kwa wiki, na aishike. Ikishindikana atume ujumbe kabla. Mtoto anayejua mama atapiga Ijumaa ana kitu cha kungojea. Anayeambiwa "atapiga tu" anashinda akisikiliza simu wiki nzima. Kila mtoto aongee peke yake, mlango umefungwa, bibi akiwa jikoni. Shukrani za pesa wasiambiwe wazitoe, wazitoe wakijisikia. Na mama asiulize "mko sawa?", kwa sababu jibu limeshaandaliwa. Aulize: leo ulikaa na nani darasani? Mchuzi ulikuwaje? Ni nini kilikuudhi wiki hii? Mdogo akilia, mama asubiri na aseme, "Hata mimi nimekukumbuka." Simu isipokonywe kwa sababu mtoto analia. Na ahadi ya "Krismasi nitakuja" isitolewe kama tiketi haipo.

Kwa mdogo nina jambo moja zaidi ninalolipenda. Dada yako arekodi sauti kwenye WhatsApp, dakika mbili tatu, akisimulia alipokuwa mdogo: alivyoanguka kwenye matope siku ya sikukuu, alivyomficha kuku asichinjwe, chochote. Mtoto asikilize wakati wa kulala, hata mara kumi ile ile.

Mkubwa asilazimishwe kuja kwenye simu. Ila uongo wa prepu uishe. Dada akimuuliza, sema, "Yupo, leo hataki kuongea." Kisha mama amwandikie, kijana atasoma akiwa peke yake, maneno ya namna hii: "Najua umenikasirikia. Una haki. Huna haja ya kujibu." Na siku akiwa tayari amweleze maisha yake ya kule kwa kiwango cha mtoto wa miaka 14: analala wapi, simu anakaa nayo nani, pasipoti yake iko wapi, na atafanya nini ikiwa atatendewa vibaya. Kijana anaogopa kitu ambacho hajakiona na hakuna anayekitaja. Ikiwa majibu ya mama si mazuri, basi mna shida nyingine kabisa, na ubalozi wa Uganda uko Riyadh kwa ajili ya hizo.

Usimkalishe mkubwa kwenye kiti umwambie "tuongee". Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa vijana wa miaka 14 hadi 17 kwenye kambi za waliokimbia vita kaskazini mwa nchi yetu. Wasichana wenye huzuni waliokutana kwa vikundi kuzungumzia yaliyowasibu walipata nafuu iliyo wazi. Kwa wavulana nafuu hiyo haikujitokeza hivyo. Sisemi wavulana hawaongei. Ninachokiona mimi ni kwamba wengi wao wanaongea mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine. Wewe una mitumba. Jumamosi mwite aje mfungue beli pamoja, mchambue, suruali huku, fulana kule, nunua chapati mbili, na unyamaze. Isiwe adhabu, mlipe hata kidogo. Neno la kwanza linaweza kutoka beli ya tatu. Likitoka, usiruke juu yake.

Mwambie pia kwamba kisa cha ugomvi unakijua, na kwamba kumtetea mama yake si aibu, ngumi tu ndizo zilizomponza. Halafu uende shuleni. Mtafute mwalimu wa kiume anayeshughulikia mambo ya wavulana, umweleze lile jina aliloitwa. Kijana wenu aliadhibiwa. Aliyetukana sijaona mahali alipoulizwa. Na viboko: Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya kupiga shuleni. Liseme hilo kwa upole, lakini lisemwe. Muulize na kocha kama anaweza kupita nyumbani kumwita. Mtoto aliyeacha mpira mwenyewe anaona haya kurudi mwenyewe.

Simu ya kijana ilale sebuleni pamoja na yako. Umri wake unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na hasira nyingine ni usingizi tu.

Tuje kwa godoro. Mtoto aliyelala hawezi kuwa mvivu, kwa sababu hayupo macho kuchagua. Aliyekuwa ameacha kwa muda mrefu kisha akaanza tena apimwe mkojo kwanza, maana inaweza kuwa maambukizi, au choo kigumu kinachobana kibofu. Kama anakunywa maji kupita kawaida na anakonda, mpeleke siku hiyo hiyo apimwe sukari. Vipimo vikiwa safi, basi tunazungumza juu ya mama aliyeondoka. Weka kavera, yaani karatasi ya plastiki, chini ya shuka, aende kujisaidia kabla ya kulala, maji anywe mchana kwa wingi na jioni kidogo. Asubuhi shuka lifuliwe kimya kimya, yeye akusaidie kulikamua, na godoro lianikwe nyuma ya nyumba. Pale mbele lisionekane tena. Kupiga na kuaibisha kunaongeza hofu, na hofu ndiyo inayolowesha.

Bibi usimkabili mbele ya watoto. Naye ana binti aliyekwenda mbali, na nadhani anawafundisha wajukuu kumeza kwa sababu yeye mwenyewe anameza. Mpe kazi inayomfaa: amsuke mdogo Jumapili huku akimsimulia mama yake alivyokuwa mtundu. Kiboko atakisahau taratibu, si siku moja.

Dada yako aambiwe. Yeye ndiye mama, na kwa sasa anaulizwa aamue juu ya watoto ambao mmemficha. Mwambie siku ya mapumziko, asiwe jikoni kwa watu, umwanze na ulichokwisha kufanya: "Nimempeleka mkubwa hospitali, mdogo amepimwa, shuleni nimeenda. Nakuambia kwa sababu nakuhitaji, sikuambii urudi." Mtu akipewa habari pamoja na mpango hapandi ndege usiku ule. Atalia. Atakulaumu pia kwamba ulikaa kimya. Mwachie alie na alaumu.

Kuhusu miaka miwili mingine, usimjibu "watavumilia", wala "hawatavumilia". Awaulize wenyewe, kila mmoja peke yake, kabla hajasaini. Hawapigi kura, na awaambie hivyo, lakini wasije wakasikia kwa jirani kwamba mama ameongeza. Akiamua kubaki, likizo ya kuja nyumbani kati ya mikataba na tiketi yake viandikwe kabla, vyenye tarehe. Kisha kuna mtu ambaye barua yako haikumtaja: wewe. Una biashara, una umri wako, una mambo yako. Kama unaweza kubeba miaka miwili mingine, mwambie unahitaji nini: pesa ya hospitali ikae pembeni, kaka achukue mvulana wakati wa likizo, bibi asipige. Kama huwezi, mwambie sasa, wakati karatasi bado haijasainiwa.

Shangazi